Ardhioevu darasani: mwalimu wa watoto 90 afanye nini bila maabara?

Swali: Ninafundisha Darasa la Tano katika shule ya msingi wilayani Mbarali. Watoto ni 90 na ushee, maabara hatuna. Kila nikifika kwenye mada ya ardhioevu wanakariri faida zake bila kukosea hata moja: makazi ya viumbe, huchuja maji, huzuia mafuriko, huleta watalii. Nikiuliza "huzuiaje mafuriko?" darasa zima kimya. Naomba vitendo ninavyoweza kufanya kwa vifaa vya kuokoteza. Na je, niwapeleke bwawani wakaone wenyewe?

Jibu: Mwalimu, pole na kazi. Hilo "huzuiaje?" ulilouliza ndilo somo lenyewe, na ile orodha ya faida inaweza kusubiri. Ningekuwa mimi, ningeshikilia mambo mawili tu ambayo mtoto anaweza kuyaona na kuyapima: kwamba ardhioevu huchelewesha maji, na kwamba maji yakichelewa hutua tope lake. Faida nyingine nyingi huzaliwa na hayo mawili. Zaidi ya hapo, wewe una bahati ambayo mwalimu wa Kariakoo hana. Watoto wako wanaishi jirani na kinamasi cha Ihefu, na maji yanayopita kwenye majaruba ya mpunga ya wazazi wao ndiyo yanayozungumziwa kila kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu kunapotajwa.

Tuanze na madumu. Tafuta madumu ya mafuta ya kula ya lita 5, mawili kwa kila kikundi. Kwa watoto 90 ningefanya vikundi 6 vya watoto 15, kwa hiyo madumu 12. Waombe watoto walete kutoka nyumbani na kwa mama ntilie. Lilaze dumu, kata ubavu wa juu wote, kisu ukishika wewe na si mtoto. Toa kofia. Inua upande wa kitako kwa tofali ili mdomo uwe chini. Nusu ya juu ya kila dumu weka udongo mkavu uliovunjwavunjwa. Katika dumu la kwanza, nusu ya chini iache tupu. Katika la pili, ijaze vipande vya sponji ya godoro, vibane ukuta kwa ukuta. Fundi makochi yeyote atakupa vipande hivyo bure. Chini ya kila mdomo weka chupa ya maji iliyokatwa kichwa, ile inayoonyesha ndani.

Sponji kavu ya godoro haipokei maji upesi, maji huteleza juu yake na kupita. Kwa hiyo iloweke kwanza, kisha ikamue kwa nguvu zote, ndipo uipange. Ukiruka hatua hii madumu yote mawili yatamwaga maji karibu kwa kasi moja, na watoto watasema kwa haki kabisa kwamba bwawa halina kazi.

Mvua inatoka kwenye kopo lililotobolewa matundu kwa msumari. Nusu lita kwa kila dumu, zimiminwe kwa wakati mmoja. Saa ikikosekana, darasa lihesabu kwa kupiga makofi, na kila baada ya makofi 10 mtoto mmoja asome kwa rula kimo cha maji kwenye chupa, mwingine aandike. Wachore grafu: makofi chini, sentimita pembeni. Mstari wa dumu tupu utapanda ghafla kisha utalala. Ule wa sponji utapanda taratibu, na chupa yake itaendelea kupokea matone wakati ile nyingine imeshanyamaza. Waulize matone hayo yanafanana na kitu gani wanachokijua. Kuna mtoto atakayesema ni mto wa Septemba, wakati wa kiangazi, na akisema hivyo usiongeze neno.

Walimu wengi hufunga zoezi hapo. Mimi nasema raundi ya pili ina thamani kuliko ya kwanza. Usikamue sponji, usiguse kitu. Kabla ya kumimina tena, kila kikundi kiandike utabiri wake. Kisha mimina nusu lita nyingine. Safari hii sponji imeshashiba, na maji mengi yatapita moja kwa moja. Hapo ndipo mtoto anapopata jibu la jambo analolisikia kwa wakubwa: mbona maji yalifurika na bwawa lipo? Ardhioevu iliyojaa haina tena nafasi ya kuhifadhi, kazi inayobaki ni kupunguza mwendo wa maji na kuyatandaza. Wenyewe watafuta "huzuia mafuriko" kwenye madaftari na kuandika "hupunguza na kuchelewesha". Jibu hilo lina ukweli zaidi hata kama mtihani haulihitaji.

Ukipata nafasi, fanya toleo la tatu: badala ya sponji weka bonge la nyasi lenye mizizi, ulilochimba kwenye tuta la jaruba. Kwa kuhifadhi maji halitaishinda sponji, lakini kwa kushika tope ni kitu halisi, si mfano wa kitu. Tope lipimwe hivi. Chora msalaba mweusi kwenye karatasi, weka juu yake glasi ndefu, mimina maji yaliyotoka kwenye dumu kidogo kidogo huku mtoto akichungulia kutoka juu, na usimame pale msalaba unapopotea. Pima kimo kwa rula. Msalaba ukipotea kwenye sentimita 2, maji ni machafu. Ukionekana hadi sentimita 9, yametulia. Wataalamu wa maji nao hutumia bomba refu lenye alama kwenye kitako kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo waambie watoto kwamba hawachezi. Kila kipimo warudie mara tatu na kutafuta wastani, maana matokeo ya watoto wawili wenye macho tofauti hayalingani, na huo nao ni mjadala mzuri.

Sasa Ihefu. Hili ni zoezi lenye maji, vikombe na hesabu za kujumlisha na kutoa tu, na kwa shule ya Mbarali ningeliweka mbele ya mengine yote.

Mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, Chimala, Kimani, Mbarali na mingine, hukusanyika kwenye tambarare ya Usangu na kuingia kwenye kinamasi cha Ihefu. Kinamasi kina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, na mlango huo una kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha Mkuu unatiririka kuelekea hifadhini, kisha kwenye mabwawa ya umeme, Mtera halafu Kidatu. Yakishuka chini ya kizingiti, mto unakatika, hata kama ndani ya kinamasi maji bado yapo. Mto huu uliokuwa ukipita mwaka mzima ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kumekuwa jambo la kuzoeleka. Mtu mzima akielezwa habari ya kizingiti kwa maneno huitikia kwa kichwa tu. Mtoto aliyekishika kwa mkono hasahau.

Chukua dumu, safari hii lisimame wima, kata sehemu ya juu. Mimina vikombe 12 vya chai vya maji, weka alama ya peni pale maji yalipofika, na kwenye alama hiyo kata pengo dogo ubavuni. Hilo pengo ni Ng'iriama. Chini yake weka beseni, ndilo Ruaha Mkuu. Weka ndoo mbili pembeni: moja ya mashamba, moja ya jua. Jaza dumu mpaka kwenye pengo. Mwezi ni Mei.

Kanuni za kiangazi ni hizi. Kila mwezi, kuanzia Mei hadi Novemba, mito inaleta vikombe 2 na jua linachukua kikombe 1. Mashamba yanachukua kiasi kinachotofautiana: vikundi viwili vya kwanza havichukui kitu, viwili vinavyofuata vinachukua kikombe 1, na viwili vya mwisho vinachukua 2. Mwezi ukitajwa, kila kikundi kimimine na kuchota, kiandike kilichoingia kwenye beseni.

Vikundi vya kwanza vitaona kikombe kimoja kikivuka pengo kila mwezi. Vikundi vya kati maji yao yatabaki palepale kwenye ukingo, na beseni halipati kitu. Ona kwamba kwao kinamasi kimejaa mpaka juu na bado mto umekufa. Vikundi vya mwisho watapungukiwa kikombe kimoja kila mwezi, na ikifika mwisho wa Novemba wako vikombe 7 chini ya kizingiti.

Usiishie hapo, lete masika. Kuanzia Disemba mito inaleta vikombe 6 kwa mwezi, mashamba ya kila kikundi yanachukua 2, jua 1. Vikundi vya kwanza na vya kati vitapata mto mwezi huohuo wa Disemba, vikombe 3 vinavuka. Vikundi vya mwisho lazima kwanza walipe deni. Disemba wanabaki vikombe 4 chini, Januari kikombe 1 chini, na mto wao unaamka Februari, tena kwa vikombe 2 tu. Acha watoto wagundue wenyewe kwamba mvua inanyesha miezi miwili na chini ya pengo hakuna tone. Kikombe kimoja zaidi kilichochotwa kila mwezi wa kiangazi kimeahirisha mto hadi katikati ya masika.

Waambie wazi kwamba vikombe hivi ni vya mchezo, si takwimu za Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Lakini umbo la jambo ni lenyewe. Kinachofundishwa ni kwamba kikombe cha Septemba hakilingani na kikombe cha Machi.

Kuhusu chujio la chupa. Najua umeliona, liko kila mahali: chupa iliyopinduliwa, changarawe, mchanga, mkaa, maji ya tope yanaingia juu, meupe yanatoka chini, makofi. Mimi silipendi likifanywa peke yake. Mtoto anaondoka akiamini kwamba maji yanayoonekana masafi ni salama, na katika nchi inayopigana na kipindupindu hilo ni somo la hatari. Ukilifanya, ongeza hatua moja: weka mchanga na changarawe bila mkaa, kisha mimina juisi ya choya. Itatoka na rangi yake. Tope ni chembe, hunaswa, kilichoyeyuka hupita. Mbolea ya urea iliyoyeyuka jarubani nayo hupita vivyo hivyo, na vijidudu vya kuharisha ni vidogo kuliko nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Kwenye kinamasi halisi sehemu ya virutubisho hivyo huchukuliwa na mimea, matete na mafunjo, na nyingine hubadilishwa na bakteria wa kwenye tope. Chupa haina vyote viwili. Hakuna mtoto wa kuonja chochote, hata kwa utani.

Sasa swali lako la kuwapeleka. Ihefu yenyewe ilijumuishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, kwa hiyo si mahali pa kuongoza darasa kwa miguu. Vidimbwi na mifereji ya karibu na shule ni vishawishi, lakini ina kichocho. Vimelea wanaotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na mifereji ya mpunga ndiko kwao. Watoto wako huenda wanaoga humo kila Jumamosi, najua, ila shule isiwe ndiyo iliyowapeleka. Ningewasimamisha kwenye tuta, miguu mikavu, nusu saa ya kuangalia na kuchora: mimea gani inasimama majini, gani ukingoni, gani juu kabisa, ndege gani anakula wapi. Basi.

Viumbe viletwe darasani. Nenda wewe mwenyewe jioni, na gambuti na glavu, chota maji ya ukingoni pamoja na majani yanayooza, ndimo walimo wengi. Toa konokono wote kabla ya kitu kingine chochote, maana konokono akibaki ataendelea kumwaga vimelea humo. Kisha acha ndoo siku mbili, imefunikwa kwa chandarua kikuukuu. Vimelea wa kichocho wakikosa ngozi ya kupenya hawavuki muda huo. Siku ya tatu mimina kwenye mabeseni meupe, gawa vijiko vya plastiki, na bado mikono isiingie majini.

Katika beseni jeupe kitu cha kwanza kuonekana ni viluwiluwi vya mbu. Waonyeshe jambo hili, halihitaji hata lenzi. Vingine vinaning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, hao ni watoto wa mbu wa kawaida wa kwenye mashimo ya choo na mitaro. Vingine vimelala sambamba na uso wa maji, kama vimebandikwa: hao ni Anofelesi, mbu wa malaria. Halafu tafuta mdudu wa kahawia, mnene, mwenye miguu sita na macho makubwa, anayetambaa kwenye majani chini. Huyo ni mtoto wa kereng'ende. Mweke kwenye chombo kimoja na viluwiluwi vitano na watoto wazunguke. Atatulia, atatulia, kisha mdomo wake wa chini utafyatuka mbele na kukamata, kwa kasi ambayo nusu ya darasa haitaiona na italazimika kusubiri mara ya pili. Baada ya hapo hoja ya kwamba bwawa ni kiwanda cha mbu inabadilika. Maji yenye maadui wa mbu na maji ya kwenye kopo lililotupwa nyuma ya choo hayafanani. Zoezi likiisha, maji hayo yamwagwe juu ya ardhi kavu mbali na kisima, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mchezo wa uzi, ule wa watoto kusimama duara na kurushiana uzi kuonyesha nani anamla nani, unafaa kwa watoto 20. Kwa 90 unakuwa vurugu. Ukiutaka, wacheze 20 uwanjani na wengine wawe mahakimu wa kusema kama kila kiungo ni cha kweli: perege hula mwani, kambare hula perege mdogo, mvuvi hula wote wawili. Viumbe wawatoe watoto wenyewe, usiwaletee orodha ya kitabuni.

Lililobaki ni mchezo wa kuigiza baraza la kijiji linalogawana maji, na hapa nakuomba uangalifu. Darasani kwako kuna watoto wa wakulima wa mpunga na watoto wa wafugaji, na huenda kuna ambao familia zao zilihamishwa kutoka Usangu mwaka 2006 na 2007. Watu wazima bado wanabishana nani alikausha mto: majaruba, mifugo, mifereji iliyoachwa wazi kiangazi, au vyote kwa viwango tofauti. Usiache mchezo uwe mahakama ya kumhukumu baba wa mtoto fulani. Kanuni yangu ni moja: hakuna mtoto anayeigiza kazi ya nyumbani kwao. Mtoto wa mfugaji awe mkulima, wa mkulima awe mvuvi au askari wa hifadhi, na wawepo mama wa kijiji anayetegemea mfereji kwa maji ya kunywa na mhandisi wa umeme wa Kidatu, ambako mitambo yake ni ya megawati 204. Maji hayo hayaishii Kidatu. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji kabla ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, jambo ambalo watoto wa Mbarali hupenda sana kulisikia.

Baraza lisiwe la hotuba. Wape dumu la Ng'iriama na vikombe viwili vya Agosti, waambie wagawane na mto uendelee walau tone. Watabuni mambo: kufunga mfereji usiku, kuacha maji ya kunywa tu mpaka Novemba, kupanda mbegu inayoiva mapema, kurudisha maji yanayotoka jarubani. Kila pendekezo wajaribu kwa kikombe na waone pengo linasema nini. Mapendekezo mengine yatashindwa mbele ya darasa zima, na mtoa pendekezo atalazimika kurudi kwa wenzake.

Kwa ratiba, Siku ya Ardhioevu Duniani ni tarehe 2 Februari, siku ambayo Mkataba wa Ramsar, ule wa kuhifadhi ardhioevu, ulisainiwa nchini Iran mwaka 1971. Tanzania ilijiunga mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha yake: Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ihefu haimo, na watoto watauliza kwa nini. Waachie swali hilo waliandikie barua kwa halmashauri kama zoezi la Kiswahili. Wiki ya mwisho ya Januari fanya madumu ya mteremko, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Wiki ya tarehe 2 fanya Ng'iriama, wakati mvua inanyesha nje na mitaro ya shule ina maji ya kupima tope. Mabeseni ya viumbe na baraza vifuate kwa nafasi yako.

Na ukitunga jaribio, acha "taja faida tano". Chora dumu lenye pengo, andika kwamba ndani mna vikombe 9 na pengo liko kwenye 12, kila mwezi mito inaleta 4, jua linachukua 1, mashamba 2. Uliza mto utaanza kutiririka mwezi wa ngapi, na mkulima afanye nini uanze mapema zaidi. Atakayesema maji yatafika ukingoni mwezi wa tatu na kuvuka wa nne, mpe alama zote za hesabu. Kwa sehemu ya pili, soma kila jibu mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu nyekundu.